Njia Niliyoifunga kwa Penseli

Siwezi kumenya yai la kuchemsha bila kujikuta mlimani. Harufu inayotoka ganda linapopasuka, nzito kidogo, kama kiberiti kilichowashwa chumbani, ndiyo harufu ya maji moto yaliyokuwa yakichuruzika nyuma ya mlima wetu, na ndiyo harufu ya magoti ya bibi yangu. Watu wa nyumbani kwangu wamezoea. Wakiniona nimeshika yai muda mrefu bila kulitia chumvi, wananiacha.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alitoka huko akaniambia kuna vijana wanaowatembeza wageni kuuzunguka mlima ule. Mnaanza asubuhi, na mchana mmerudi mlipoanzia. "Nusu siku tu, Bibi, na njia ni nzuri kweli." Nikamwambia najua kuwa ni nusu siku, niliijua nikiwa na miaka kumi. Hakuuliza zaidi, alikuwa na haraka zake. Kwa hiyo nawasimulia ninyi wa rika langu, mliopita katika mambo yale yale. Mengine mnayajua tayari, lakini mnivumilie, mimi ni mtu wa kueleza.

Mlima wenyewe uko upande wa Ileje, mwendo wa siku kwa miguu kutoka Ibaba. Zamani sana, kabla ya watu, ulitema moto. Juu kabisa kuna shimo pana kama bakuli, limejaa nyasi na matete, na udongo wa ubavuni ni mweusi na mlaini, mahindi yanaota bila kubembelezwa. Kwa nyuma, unakoitazama Malawi ng'ambo ya mto Songwe, kuna mahali mwamba umepasuka na maji yanatoka yakiwa na moto wa chai iliyopoa kidogo.

Nyumba ya Bibi, mama yake Baba, ilikuwa hatua chache juu ya maji hayo. Magoti yake yalikuwa yamevimba tangu sijazaliwa. Kila asubuhi alishuka na fimbo yake, akakaa kwenye jiwe, akatumbukiza miguu mpaka jua lipande. Akitoka hapo alitembea. Alilima, alichuma kahawa yake, aliuzunguka mlima kwenda kusalimia watu na akarudi siku hiyo hiyo. Asipoyagusa maji siku mbili, alikwenda jikoni kwa kutambaa. Nimeona kwa macho yangu, kwa hiyo mtu asiniambie kuwa ni imani tu.

Ilipotangazwa kwamba kila mtu ahamie kijijini, tulishuka wote. Kijiji kilipimwa mbele ya mlima, kwenye tambarare, nyumba kwa mistari kando ya barabara ya malori. Sitasema kila kitu kilikuwa kibaya. Palikuwa na bomba la maji, na shule niliyosoma ilijengwa kwa matofali ya mikono yetu. Baba alichaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Lakini Bibi alikaa kijijini msimu mmoja wa mvua, na mvua zilipoisha alikuwa hawezi tena kufika mlangoni bila kushikwa. Alfajiri moja Baba akambeba mgongoni, akamrudisha kwenye maji yake. Kwenye mkutano wa kijiji akasema mama yake amekwenda kukaa kwa kaka yake, ng'ambo ya Songwe. Hakuna aliyeshangaa. Nani kati yetu hakuwa na ndugu ng'ambo?

Mama alinikalisha chini akaniambia ukweli, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kumpelekea unga.

"Wakimpata watamshusha tena," alisema. "Na safari hii hatapanda. Hatatembea tena, Tumpe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Nilikuwa nimeelewa kabisa. Ndiyo maana jambo hili bado linaniuma.

Kila Jumamosi nilikwenda na kamba ya kuni begani, unga na chumvi vikiwa vimefungwa ndani ya kitenge. Mtu akiuliza, nakwenda kuni. Njia ya kuuzunguka mlima niliijua kama mtu anavyojua nyumba yake gizani. Unaanza kwenye mikaratusi, unapita mahame ya nyumba tulizoziacha, ambako kahawa zilikuwa zimerefuka hovyo bila mtu wa kuzipogoa. Unafika kwenye jiwe la kupumzikia, kisha kijito ambacho ukikivuka lazima uvue viatu, kama unavyo. Baada ya kijito, njia panda. Njia kubwa inaendelea kuzunguka mpaka unatokea tena kijijini upande wa pili. Njia ndogo, ya kulia, inapanda kwa Bibi.

Hiyo njia ndogo ilikuwa imefungwa kwa tawi.

Nieleze kidogo, maana huenda kwenu haikuwapo. Sisi watu wa mlimani tulizungumza kwa majani. Mkiwa safarini, aliyetangulia akifika njia panda anakata tawi na kulilaza kwenye njia ambayo hakuipita, ili wa nyuma wasipotee. Na mtu asiyetaka njia yake ipitwe analaza tawi bichi mahali inapoanzia, na kabla halijakauka analeta jingine. Huulizi kwa nini. Pengine kuna mzazi ndani, pengine mgonjwa, pengine mtu anarina asali na hataki nyuki wavurugwe. Unaona majani mabichi, unapita zako. Mtoto akiliruka alichapwa. Mtu mzima akiliruka aliambiwa hakufundwa, na tusi hilo lilimfuata mpaka kwa wakwe zake.

Tawi la Bibi nililibadilisha mimi, kila Jumamosi. Kwa miezi mitatu walipita pale wawindaji, walipita wanawake wa kuni, walipita watu kwenda kuchungulia kahawa zao za zamani. Hakuna aliyeliruka. Huo ndio uliokuwa ulinzi wote wa Bibi, majani kumi au kumi na tano.

Mwalimu wetu wa Jiografia, Mwalimu Rajabu, alitoka Kigoma. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa, na alikuwa ameupenda mlima wetu kuliko sisi wenyewe. "Jamani, mmekalia jiko," alitwambia, "halafu mnaniuliza kwa nini viazi vyenu vinanenepa!" Siku moja ya baridi alitangaza kwamba Darasa la Nne litauzunguka mlima, tutoke baada ya kupandisha bendera na turudi kabla ya kengele ya mchana, kisha kila mmoja achore ramani ya njia. Tulipiga kelele za furaha. Mimi pia nilipiga. Sikuona hatari yoyote, kwa sababu tawi lilikuwa mahali pake.

Tulikwenda kwa mstari, Mwalimu mbele na daftari lake. Alituonyesha mawe meusi yenye matundu kama mkate, akasema yalikuwa uji wa moto. Ambakisye, mvulana aliyeshindana nami darasani kwa kila kitu, alilamba jiwe kuona kama bado lina chumvi, akachekwa mpaka kijitoni. Kisha tukafika njia panda.

"Hii nayo inakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

"Imefungwa, Mwalimu!" tukajibu darasa zima.

"Imefungwa? Mbona sioni kufuli?"

"Tawi hilo hapo, Mwalimu," akasema Ambakisye kwa sauti ya kumwonea huruma.

"Tawi naliona. Nikiliruka je?"

Msichana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mwalimu hakufundwa," na mstari mzima ukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. "Haya, mimi mgeni, msinipeleke kwa wazee. Tusonge." Nilipumua. Niliona kuwa hata mtu wa Kigoma analitii tawi, na hilo lilinidanganya kuliko kitu kingine chochote.

Darasani alitugawia karatasi. "Ramani," alisema, "ni kumwelekeza mtu ambaye hajawahi kufika. Usiache kitu. Ukiacha kitu, umemdanganya."

Nataka mjue kwamba nilifikiri. Watu hudhani mtoto anafanya mambo bila kufikiri, lakini mimi nilikaa na ile penseli mpaka wenzangu wakaanza kuchora mawingu. Njia ya Bibi wameiona wote. Nisipoichora, Ambakisye ataichora, tena ataichora ikiwa wazi, mistari miwili inayopanda bila kitu, kwa kuwa yeye ni mvivu. Mtu akiisoma ramani ya Ambakisye ataona njia iliyo wazi na ataipita. Basi niichore mimi, na niifunge. Nikalaza tawi mahali njia inapoanzia. Nikalitia majani kumi na moja, moja moja, na mishipa yake. Nikaikandamiza penseli mpaka karatasi ikang'aa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi, kwa sababu tawi hili lilikuwa bora kuliko la mlimani. Lisingekauka.

Mwalimu aliinua ramani yangu juu ili darasa lione. "Hata tawi! Mnaona? Huyu anatazama." Akaibandika ukutani. Ambakisye hakunisemesha siku mbili.

Katibu wa Chama alikuja shuleni wiki iliyofuata kukagua shamba la shule. Naye hakuwa mtu wa kwetu, aliletwa kutoka mkoa mwingine, mtu mnene mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, mchangamfu, aliyependa kuwapapasa watoto vichwani. Alisimama mbele ya ukuta, wenzangu wote wakiwa bado shambani na mimi nikifagia darasa.

"Nani kachora hii?"

"Ni Tumpe, Ndugu Katibu," alisema Mwalimu, amejaa fahari. "Tumpe, njoo."

"Mwanangu, unatushinda sisi wa ofisini! Hebu nisomee."

Nikamsomea kwa kidole, kuanzia mikaratusi. Mahame, jiwe la kupumzikia, kijito. Alinisikiliza kama mtu mzima anavyomsikiliza mtu mzima mwenzake. Nilipofika njia panda, kidole chake kilitangulia changu.

"Na hapa?"

"Hapa pamefungwa, Ndugu Katibu."

"Na nani?"

"Na mwenye njia."

"Kumbe ina mwenyewe?"

Nikaona hajui, nikamwonea huruma kama Ambakisye alivyomwonea Mwalimu, na nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. "Kila tawi lina mwenyewe. Likikauka ujue amehama. Likiwa bichi, ujue yupo."

"Ahaa. Na hili ulilolichora, ni bichi au kavu?"

"Bichi," nikasema. "Ona majani."

Akanipapasa kichwa.

Kwetu, kujua kwamba mwenyewe yupo ndiyo sababu ya kutopita. Sikujua kuna watu ambao kwao hiyo ndiyo sababu ya kupita. Nimeisoma Jiografia miaka mingi baada ya hapo, na hata nimeifundisha, lakini somo hilo moja nililipata mapema na halikunifaa kitu, kwa sababu lilikuja likiwa limechelewa kwa siku tatu. Nikageuka na kumwona Mwalimu Rajabu. Alikuwa ametabasamu muda wote, na sasa alikuwa ameacha.

Katibu aliibandua ramani, akasema itasaidia mipango ya kijiji.

Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, tuliwaona mgambo wanne wakitokea kwenye mikaratusi wamebeba machela. Bibi alikuwa amekaa juu yake, hakulala, amejifunga kanga zake mbili, fimbo magotini. Walipopita mbele ya shule alituona tumejipanga uani, akainua mkono.

"Hamjambo, wajukuu? Msinitazame hivyo, nimekuja kuwasalimia."

Watoto wengine walijibu. Mimi nilikuwa nimeuma kola ya shati langu.

Mmoja wa wale mgambo alikuwa kijana wa kwetu, na jioni alikuja kumwomba Baba radhi. Alisema walipofika njia panda yeye na wenzake walisimama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Katibu mwenyewe ndiye aliyeliokota tawi, akalitupa kijitoni, akasema, "Haya, njia imefunguka." Nyumba ya Bibi waliitoa paa na kulichoma, ili asiwe na pa kurudi.

Baba alivuliwa ubalozi mbele ya mkutano, akapewa wiki mbili za kuchimba mtaro wa barabara. Hakuulalamikia mtaro. Alichotaka kujua ni nani aliyesema. Alimshuku jirani yetu wa kushoto, mtu aliyemkopesha jembe siku tulipohamia, na wakaacha kusalimiana. Ua ukajengwa kati ya nyumba mbili, ambako watoto wao walikuwa wakilala kwetu na sisi kwao. Niliushika ule ua ukijengwa, nikimpa Baba kamba za kufungia.

Mwalimu Rajabu alinikuta bombani.

"Tumpe, nataka kumwona baba yako. Nimweleze kwamba ramani niliiagiza mimi."

"Usiseme, Mwalimu."

"Kosa ni langu, mwanangu. Si lako."

"Usiseme! Naomba usiseme."

Ndoo yangu ilikuwa imejaa na inamwagika, na hakuna kati yetu aliyefunga bomba. "Basi," alisema. "Siku ukiwa tayari utasema mwenyewe. Wewe ni hodari wa kueleza." Alisema hivyo ili kunipa moyo, najua. Mwisho wa mwaka alihamishwa, na alipokwenda, ukimwacha Katibu, akabaki mtu mmoja tu anayejua.

Mama alichemsha maji kwenye debe kila asubuhi na kuyaweka miguuni pa Bibi. Alitia chumvi, alitia majani ya mwituni, hata mawe meusi kutoka mlimani aliyatumbukiza. Bibi alishukuru kila mara na kusema leo afadhali. Kabla watu hawajaanza kulima tena, alikuwa anabebwa kupelekwa juani na kurudishwa ndani, na miguu yake ilikuwa imekunjika kama ya mtu aliyekaa kwenye jiwe.

Nikitoka shule aliniita. "Haya, Tumpe, nizungushe."

Maana yake nimzungushe mlima kwa maneno. Nilikaa karibu yake na kuanza kwenye mikaratusi, naye alifumba macho. Nikienda haraka alinikatiza. "Umeruka jiwe la kupumzikia. Rudi." Nikarudi, na pale kwenye jiwe tulipumzika kweli, tukanyamaza wote wawili mpaka aliposema twende. Kwenye kijito alivuta kanga yake juu kidogo. Nusu siku yetu iliisha ugali ulipokuwa ukiiva. Nilijitahidi kila siku kupita njia panda upesi, nikifuata njia kubwa, na kila siku aliniachia.

Siku moja hakuniachia.

"Simama hapo," alisema, macho bado kayafumba. "Hapo ni nani aliyewapitisha, Tumpe?"

Mama alikuwa jikoni. Tulikuwa peke yetu. Kila neno nililolihitaji nilikuwa nalo, na yote niliyajua yalivyofuatana.

"Sijui, Bibi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na jibu lake muda mrefu. "Ni ule moto. Baridi ya mwezi wa sita ilinishinda, nikaweka gogo zima. Nilijua moshi utaonekana, na nikaliweka. Nimemponza baba yako kwa gogo moja."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naukumbuka mdomo wangu ulivyokuwa wazi, hewa ikiingia.

"Labda, Bibi," nikasema.

"Nenda ukamwite. Nataka aniambie amenisamehe."

Nikaenda. Baba alikuwa nyuma ya nyumba ananoa jembe. Nilimwambia yale aliyoyasema Bibi, yote, na hapo nilieleza vizuri tena. Aliweka jembe chini, akaingia ndani, na mtu yule mkubwa akapiga magoti mbele ya mama yake, akaishika miguu yake iliyokunjika, akamwambia, "Yameisha, Mama. Nimekusamehe." Bibi akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiwatazama.

Alifariki mvua za kwanza ziliponyesha, akiwa amesamehewa kosa langu.